Kisa cha Volks iliyokuwa inazima Sachangwan kila mwezi

Mwezi huu watu wawili wamenipigia simu kuniuliza juu ya Volks zinazozima mlimani na nimechoka kueleza vipande vipande, kwa hivyo wacha niandike kisa cha gari moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na makosa yangu yakiwemo, maana kuna siku nzima nilipoteza nikifukuza kitu ambacho hakikuwepo.

Gari ni Volkswagen ya mgongo wa mviringo, Beetle ya 1968, injini ya 1500 ambayo kwa hesabu kamili ni cc 1493, bado iko na dainamo yake na kabureta moja ya Solex. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu anaishi Section 58 hapa Nakuru, mtaa mzima unamwita Mwalimu na mimi pia. Nyumbani kwake gari inaitwa Kobe. Kazi yake ni kanisani, sokoni Wakulima, na mara moja kwa mwezi anapanda nayo Londiani kuangalia shamba. Ukimtania kwamba anunue Probox kama wazee wenzake anakuambia Volks ilishinda Safari Rally 1954, 1957 na tena 1962, sasa wewe na Probox yako mmeshinda nini. Hapo unanyamaza unatafuta spana.

Shida ilikuwa hivi. Ndani ya Nakuru gari haina neno, inastati asubuhi mara moja, inapita Kenyatta Avenue kwa jam bila kuzima, inafika Lanet na kurudi. Ikitoka kwenda Londiani inafika Salgaa vizuri, halafu ile barabara ikianza kupanda kuelekea Sachangwan inaanza kukohoa, Mwalimu anakanyaga, inakohoa zaidi, anashuka gia, inavuta kidogo, inakohoa tena, halafu inazima kabisa. Anasukumwa kando, anafungua boneti ya nyuma, anangoja dakika kumi, kumi na tano, anapiga stati, inawaka, anaenda kilomita mbili, mchezo unaanza upya. Na wanaoijua hiyo barabara wanajua hapo si mahali pa kusimama na gari ndogo, malori yanashuka mbele yako na mengine yanapanda nyuma yako yakitafuta nafasi, na mimi binafsi kila nikipita hapo bado nakumbuka moto wa lile lori la mafuta la Januari 2009.

Kabla ya kufika kwangu Kobe ilikuwa imepita mikono mitatu, na sitaji ya nani kwa sababu kila mmoja alifanya kitu ambacho kwa haraka hata mimi ningefanya. Wa kwanza alisema pampu ya mafuta imechoka, akaweka mpya, wakaenda testi mpaka Free Area wakarudi, safi, pesa ikalipwa. Mwezi uliofuata ikazima palepale. Wa pili akasema hiyo pampu mpya ni feki, akaweka nyingine, na juu yake akasema petroli ya siku hizi imechanganywa na mafuta ya taa, asiweke tena kwa ile stesheni ya kona. Sasa hii ya mafuta ya taa si hadithi ya vijiweni, ilikuwa shida ya kweli mpaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida, lakini mafuta mabaya yangemsumbua hata mjini, hayawezi kungoja mpaka Salgaa ndio yaanze. Wa tatu ndiye aliyekuja na ile ya vepa, ati mafuta yanachemka ndani ya paipu yanageuka mvuke na pampu haiwezi kuvuta mvuke. Akafunga vibanio vya nguo vya mbao kwenye paipu ya mafuta, nane nilivihesabu mwenyewe, akamwambia Mwalimu abebe chupa ya maji na kitambaa awe anafunika pampu ikizima. Na akaweka pampu ya tatu kwa bahati njema.

Usicheke hayo mambo ya vibanio. Ile nadharia ina miguu. Injini ya Volks inapozwa na hewa, iko nyuma kwenye kijumba kidogo, pampu imekaa karibu na distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi, juu ya injini yenyewe, na joto lote liko hapo. Halafu Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari na Mau Summit ni karibu mita 2,500, na kadri unavyopanda ndivyo vitu vinachemka kwa joto la chini zaidi, maji pamoja na petroli. Gari inazima ikiwa moto, mlimani, na ikipumzika inawaka. Kila dalili inasema mvuke, na ndio maana kila mtu aliamini.

Mimi ilipofika kwangu sikuamini mvuke lakini nilikuwa na imani yangu nyingine ambayo ilikuwa mbaya vilevile. Nilisema tenki. Tenki ya Volks iko mbele, mafuta yanasafiri gari nzima chini ya sakafu mpaka nyuma, gari ya 1968, lazima kuna kutu mahali. Nikatoa tenki, nikakuta kutu ya kujaza kijiko cha chai, nikafurahi kama mtu ameokota noti, nikasafisha, nikapuliza paipu kwa kompresa, nikabadilisha mipira yote ya mafuta kwa sababu ilikuwa imepasuka pasuka, nikarudisha. Nikamtoza kazi ya siku nzima. Jumapili saa nne asubuhi simu inalia.

"Fundi, habari ya asubuhi."

"Nzuri Mwalimu, mmefika?"

"Tumefika Sachangwan."

Hakuongeza kitu. Huyu mzee amefundisha miaka mingi na anajua namna ya kunyamaza kwa simu mpaka wewe mwenyewe ujisikie vibaya. Kobe ilirudi Nakuru ikivutwa na canter ya viazi.

Basi nikaamua sitafungua bolti yoyote tena kabla sijaiona ikizima kwa macho yangu. Jumanne tukatoka, yeye anaendesha, mimi kando na boksi la tuls miguuni. Na hapo ndio nikaona kitu cha kwanza ambacho hakuna mtu alikuwa amemuuliza. Ilipoanza kukohoa baada ya Salgaa nilimwambia, Mwalimu achilia aksileta nusu. Akaachilia, ikatulia, ikavuta. Kanyaga. Ikakohoa. Achilia. Ikatulia. Nikamuuliza kama imekuwa hivi siku zote akasema, "Siku zote, ndio maana nilikuwa naipanda polepole kama namwomba mtu radhi." Injini iliyoshikwa na mvuke haikuitikii hivyo kwa mguu, ikishashikwa imeshikwa. Hii ilikuwa tabia ya mtu anayekunywa na mrija mwembamba, akimeza kidogo kidogo anatosheka, akitaka funda kubwa anakosa.

Nikamwambia sasa kanyaga mpaka izime. Ikazima. Tukaegesha ndani kabisa, tukaweka pembetatu, na nikafanya vitu vitatu haraka kabla haijapoa. Cha kwanza moto wa plagi, nikachomoa waya mmoja nikajaribu, cheche ya bluu nzito, kwa hivyo koili na kondensa hazina neno, maana nazo zina tabia ya kufa zikiwa moto na kufufuka zikipoa. Cha pili nikatoa kifuniko cha filta ya hewa, nikaangalia ndani ya kabureta huku nikivuta waya wa aksileta kwa mkono. Kabureta ikiwa na mafuta ndani ya bakuli lake ukivuta hivyo kuna kamrija kanarusha mshale wa petroli. Haikurusha kitu. Kavu. Kwa hivyo injini ilikufa njaa, hilo likaisha.

Cha tatu ndicho kilichoua nadharia ya vibanio. Nikamwambia Mwalimu usingoje dakika kumi, piga stati sasa hivi, endelea kupiga, pumzika kidogo betri ipumue, piga tena. Kama sekunde ishirini hivi za kuzungusha, na gari ikawaka, injini bado moto hata huwezi kugusa. Kama mafuta yangekuwa mvuke ndani ya paipu yangeendelea kuwa mvuke, joto halijaenda mahali. Zile dakika kumi za kupumzika hazikuwa zinasaidia kitu, kilichokuwa kinasaidia ni kule kupiga stati kwa muda mrefu, pampu ilikuwa inajaza bakuli la kabureta polepole wakati injini haili. Miezi yote hiyo watu wanapongeza kitambaa cha maji. Mwalimu akatoa vibanio vyote nane palepale akaviweka mfukoni, akasema vya mke wake vilikuwa vimepungua.

Tukarudi Nakuru na mimi nikakaa na kalamu, kwa sababu hapa hesabu kidogo inasaidia kuliko spana. Pampu ya Volks haizungushwi na mkanda. Chini yake kuna kijiti cha chuma, tunakiita pushrodi, kinasimama wima, mguu wake unakanyaga kamu ndogo, yaani kinundu cha kukisukuma juu, iliyoko kwenye shafti inayozungusha distribyuta. Shafti hiyo inazunguka nusu ya mwendo wa injini, kwa hivyo injini ikiwa ravu 4000, yaani mizunguko 4000 kwa dakika, pampu inapigwa mara 2000 kwa dakika. Pampu nzima inafaa itoe kama cc 400 kwa dakika kwa mwendo huo, yaani kila pigo ni kama cc 0.2, matone machache tu. Sasa upande wa kula. Gari ikiwa imesimama inanguruma tu haili hata lita moja kwa saa, hiyo ni chini ya cc 17 kwa dakika. Mjini na jam sema lita tatu nne kwa saa, cc 60 hivi. Mlimani umekanyaga mpaka sakafu, watu wanne na gunia, inataka lita 10 mpaka 12 kwa saa, hiyo ni cc 170 mpaka 200 kila dakika. Unaona hapo? Pampu inayotoa robo ya kazi yake itakupeleka Lanet na kurudi miaka yote bila wewe kujua ni mgonjwa. Na mafundi wote watatu walikuwa wanatesti mjini. Mimi pia nilitesti mjini, nilienda mpaka Pipeline nikarudi nikasema tayari.

Kwa hivyo sikutaka tena kusikia pampu nzima au mbovu, nilitaka namba. Hii kazi ifanye nje ya banda, injini baridi, mtungi wa kuzima moto uko karibu, hakuna mtu na sigara, na chupa iwe mbali na distribyuta. Nilining'iniza chupa yenye petroli juu ya injini na mpira unaoteremka kwa kabureta ili injini ile kutoka hapo, halafu mpira unaotoka kwa pampu nikauelekeza ndani ya chupa nyingine yenye alama za vipimo. Nikawasha, nikaweka mita ya ravu, nikaishika kama 3000, kijana wangu wa mkono akashika saa. Dakika moja. Kwa hesabu ile ya juu nilitarajia karibu cc 300. Tukapata 90.

Sasa 90 inaweza kuwa pampu haitoi au pampu haipati. Nikachomoa paipu inayotoka mbele, nikaweka jerikeni juu ya stuli, nikaipa pampu mafuta moja kwa moja kutoka hapo, bila tenki, bila paipu ndefu, bila filta. Tukapima tena. 95. Basi ile siku yangu ya tenki na kijiko cha kutu ikaenda na maji, na nilimrudishia Mwalimu nusu ya pesa ya kazi, ile mipira mipya ya mafuta nikasema hiyo ilihitajika kwa vyovyote na kwa kweli ilihitajika, mipira iliyopasuka juu ya injini moto ndiyo imechoma Volks nyingi.

Imebaki pampu. Nikaitoa, nikaminya mkono wake na kidole, inavuta kidole changu upande wa kuingia, inapuliza upande wa kutoka, nikaziba ikashika presha. Nzuri. Pampu ya pili iliyotolewa Mwalimu alikuwa ameihifadhi kwa karatasi ya gazeti, nikaifunga, cc 85. Ya kwanza ilikuwa imepotea. Hapa ndipo nilikaa chini nikanywa chai. Ukila kwa nyumba tatu na tumbo likuume mara tatu, acha kulaumu wapishi. Pampu tofauti, ugonjwa mmoja, kwa hivyo shida iko kwa kitu ambacho hakijabadilishwa, na kitu pekee kilichobaki katikati ya kamu na pampu ni kile kijiti.

Namna ya kukipima ni hii na haihitaji mashine ya Nairobi. Toa pampu, acha ile flanji yake nyeusi ya plastiki ngumu na gasketi zake, zikaze kwa nati kama vile pampu iko. Zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye puli. Kijiti kitapanda na kushuka, safari yake yote ni kama milimita 4. Kikifika juu kabisa, pima kimetokeza kiasi gani juu ya gasketi. Inafaa iwe milimita 13. Nikaweka kalipa, kile kipimo cha milimita. 9.8. Nikasafisha miwani nikapima tena, 9.8. Yaani kijiti kikiwa kileleni kabisa kilikuwa mahali ambapo kinafaa kuwa karibu na bondeni, mkono wa pampu ulikuwa unaguswa tu mwisho mwisho wa safari, unasukumwa kama milimita moja hivi, halafu kwaheri.

Kukitoa kikakataa kupita kwenye flanji, ikabidi flanji ije nacho. Chini kilikuwa kimetanuka kama uyoga. Mguu wa kijiti cha kampuni umechongoka kwa mviringo na chuma chake kimepikwa kikawa kigumu, juu ndio bapa. Hiki kilikuwa bapa pande zote mbili. Nikapitisha tupa kidogo kwa upande, ikakula chuma kama inakula shaba. Urefu nikapata 106.1, wakati cha injini hizi za dainamo ni milimita 108. Na chini ya flanji kulikuwa na gasketi mbili za kawaida na nyingine mbili za kukatwa kwa mkono kutoka kwa katoni nene ya boksi, zikiwa zimeongeza zaidi ya milimita moja. Kijiti kifupi kwa 1.9, jukwaa limeinuliwa kwa 1.3, jumla 3.2. Toa hiyo kwa 13 unapata 9.8. Sijawahi kufurahia kutoa kama siku hiyo.

Nikampigia Mwalimu. "Mwalimu, hiki kijiti cha chini ya pampu kilitoka wapi?"

"Kile kilichongwa."

"Kilichongwa na nani?"

"Walipotoa injini kubadilisha klachi, cha zamani kilianguka kwa mtaro wakikosha injini, kikaenda. Wakapeleka kipimo kwa mtu wa mashine ya kuchonga, akatengeneza kingine siku hiyo hiyo. Kizuri sana, king'avu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Na ni kweli, nilimuuliza juu ya pampu na mafuta na paipu, sikumuuliza injini imewahi kufunguliwa kwa sababu gani. Klachi ilibadilishwa miezi minne kabla ya kuzima kwa mara ya kwanza. Mchongaji simlaumu, mtu amepewa kipimo na chuma cha kawaida akachonga sawasawa, hakuna aliyemwambia hicho kitu kitakanyagwa na kamu mara elfu mbili kwa dakika. Pengine siku ya kwanza kilikuwa karibu na urefu wake, halafu kikaanza kulika pole pole kutoka chini, na kila fundi aliyebadilisha pampu akaongeza gasketi ya katoni juu ya zile za zamani ili oili isivuje. Kila pampu mpya ilikuja na dawa na sumu pamoja.

Kumpata mrithi wa kijiti ikawa safari nyingine. Hapa Nakuru nilizunguka maduka yote ya spea ninayoyajua nikaambiwa za Volks ni Nairobi. Nikapiga simu duka moja Nairobi, wakasema ipo, wakatuma na shato, ikafika jioni. Kuipima ni milimita 100. Nikawapigia, jamaa akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba kijiti cha Volks ni kimoja tu, zote ni sawa. Si sawa. Zile injini za baadaye zilizokuja na altaneta badala ya dainamo zina pampu nyingine iliyolala upande, na hizo ndizo za milimita 100. Ukiweka cha 100 kwa pampu ya 108 hupati mafuta kabisa, ukifanya kinyume chake ndio mbaya zaidi, kijiti kinasukuma mkono wa pampu kupita mahali pake, diaframu, ile ngozi ya ndani ya pampu, inapasuka au presha inapanda mpaka inashinda ile sindano ya kabureta, petroli inashuka ndani ya silinda na kuingia kwa oili. Kwa hivyo wewe unayenunua nenda na kalipa, au hata rula ya mtoto wa shule, usinunue kwa jina.

Hapo katikati jirani wa Mwalimu alikuwa amemshauri aachane na mambo ya vijiti, aweke pampu ya umeme ya Probox, mbili tatu waya basi. Nikamwomba Mwalimu kwa heshima zote asifanye hivyo. Pampu ya gari ya injekta inasukuma zaidi ya psi 40, na hii Solex imezoea psi 3, ikizidi sana 5. Utakuwa na bomba la petroli juu ya injini moto. Kuna pampu za umeme za presha ya chini zinazofaa kabureta, sikatai, lakini hizo nazo ukipata ajali zinaendelea kusukuma mpaka uzime swichi, na hii yake ya asili ikitulia injini nayo inatulia.

Kijiti cha 108 nilikipata mwishowe Kisumu kwa rafiki ambaye ana injini mbili za Volks amezikatakata kwa spea, akanitumia na nyingine ya akiba, flanji na pakiti ya gasketi za kweli. Tupa ilipita juu yake ikateleza kama kwenye kioo, hapo nikajua ni chenyewe. Kabla ya kukiweka nilimulika tochi ndani ya shimo kuangalia kamu, nikashukuru, chuma laini kilikuwa kimekula hasara yote, kamu imeng'aa tu. Lakini yale makombo ya chuma yalikwenda mahali, na Volks hizi hazina filta ya oili, zina chekecheke ya waya tu chini. Nikamwaga oili, lita mbili na nusu tu inabeba, nikatoa chekecheke, nikapitisha sumaku, ikatoka na unga mweusi kama wa kalamu ya risasi. Nikaosha, gasketi mpya, oili mpya.

Kijiti kipya na gasketi mbili nyembamba kilipanda mpaka 13.4. Wengine wangesema sawa, juu ni bora kuliko chini. Nikaongeza gasketi moja nyembamba, ikaja 13.0 na nikaacha hapo, kwa sababu hizo gasketi kazi yake si kuzuia oili tu, ndizo zinazopanga kimo cha kijiti. Pampu niliyorudisha ni ile ya tatu, ileile iliyokuwa inasemwa vibaya. Chupa, saa, ravu 3000, dakika moja: cc 290. Nikaweka geji ya presha ikasoma 3 na kitu. Nikahamisha pia filta ya plastiki ambayo mtu alikuwa ameining'iniza katikati ya pampu na kabureta, ikicheza na kuvuta mpira juu ya distribyuta, nikaipeleka chini karibu na giaboksi ambako ikivuja haitavujia cheche.

Alhamisi tukapanda na Mwalimu, mke wake nyuma na mifuko miwili ya mbolea, makusudi. Salgaa tukapita. Mlima ukaanza, nikamwambia kanyaga mpaka sakafu na usiachilie hata ukiogopa. Akakanyaga huku anakunja uso kama mtu anayengoja sindano. Gia ya tatu, hakuna kikohozi, Sachangwan ikapita kando, mke wake nyuma akasema mbona leo hatusimami. Karibu na Mau Summit tukalipata lori la saruji linatambaa na Mwalimu akaanza kulipigia honi. Nikamwambia Mwalimu tulia, hii ni Volks ya nguvu za farasi 44. Akasema, "Kwa miezi saba ni malori yalikuwa yananipigia mimi."

Kile kijiti kilichochongwa aliniomba nikamrudishia, kiko ndani ya dashibodi yake kwenye kile kikopo cha chaki. Kinachobaki ni oili kidogo inayotoka chini ya distribyuta, nafikiri ni ile ringi ya mpira imekauka, na taa ya kushoto ya nyuma. Ataleta Jumatatu.